Ivan alijua, akaondoka: uchambuzi wa kisa cha kifo cha mzee Karamazov

Usiku wa kuamkia safari yake, Ivan Karamazov aliinuka kwenye kochi, akafungua mlango taratibu kama mtu anayeogopa kuonekana, akatoka hadi kwenye ngazi na kutega sikio. Chini, baba yake alikuwa akizunguka vyumbani, akimngoja mwanamke. Ivan alisikiliza kama dakika tano, pumzi ameibana, moyo unamdunda. Akarudi chumbani. Baadaye akatoka tena, akasimama palepale. Msimulizi anatuambia kwamba maisha yake yote Ivan alikiita kitendo hicho cha aibu, na ndani kabisa ya moyo wake alikihesabu kuwa kiovu kuliko vyote alivyowahi kutenda.

Kusimama ngazini tu. Hakupiga mtu, hakuiba, hakusema neno. Nimeirudia riwaya ya Ndugu Karamazov mara kadhaa, na kila nikifika kwenye ngazi hizo hushindwa kuendelea kwa muda. Mwandishi wa Kirusi Fyodor Dostoevsky aliichapisha kwa mfululizo katika jarida la Russky Vestnik kati ya 1879 na 1880, akafariki mwanzoni mwa 1881. Wengi huisoma kwa swali la upelelezi: nani alimuua baba? Swali hilo linajibiwa bila utata kabla kesi haijafika mahakamani. Ninalotaka kulichambua hapa ni lile linalobaki baada ya muuaji kujulikana: Ivan, ambaye mkono wake haukugusa damu, anadaiwa nini?

Nyumba yenyewe

Fyodor Pavlovich Karamazov ana miaka 55. Ni mwenye mali katika mji mdogo wa Urusi ambao Dostoevsky aliuchora kwa sura ya Staraya Russa, mji alikokuwa na nyumba. Ni mlevi, mzinzi, mchekeshaji wa makusudi anayejidhalilisha mbele za watu ili awadhalilishe na wao. Ameoa mara mbili. Mke wa kwanza alimtoroka, akamwachia mtoto wa miaka mitatu, Dmitri. Wa pili, mama yake Ivan na Alyosha, alikufa akiwa amevunjika kabisa kwa yale aliyotendewa nyumbani humo.

Wanawe hakuwafukuza. Aliwasahau. Dmitri alichukuliwa na Grigory, mtumishi wa nyumba, akalala katika kibanda cha watumishi, na baba hakuulizia. Ivan na Alyosha yaliwapata hayohayo, mpaka mama mlezi wa marehemu mama yao alipokuja, akamzaba mzee makofi, akawafunga watoto kwenye blanketi na kuondoka nao. Kisa kizima kinaota kutoka kwenye kusahauliwa huko. Watoto hawa hawakulelewa vibaya na baba. Hawakulelewa naye kabisa. Wanakutana naye wakiwa watu wazima, kila mmoja na dai lake.

Dai la Dmitri ni la fedha, na ndilo linalopiga kelele zaidi. Anaamini baba amekula urithi aliouacha mama yake. Juu ya hapo, baba na mwana wanamtaka mwanamke mmoja, Grushenka. Mzee ameweka rubli 3,000 katika bahasha iliyofungwa kwa utepe, imeandikwa jina la Grushenka, atakuja kuichukua akikubali kuja. Dmitri ameapa vilabuni mbele ya watu kwamba atamuua baba yake. Ameshamwangusha na kumpiga mateke usoni, ndani ya nyumba ya mzee mwenyewe.

Ni siku hiyo ya kipigo ambapo Ivan anasema maneno yatakayomrudia. Nyoka mmoja atammeza mwenzake, anasema, na wote wawili watakuwa wamepata stahili yao. Alyosha, mdogo wao anayeishi katika monasteri, anamuuliza kama binadamu yeyote ana haki ya kuamua nani anastahili kuishi. Ivan anajibu kwamba kwa vitendo atamlinda baba siku zote. Lakini kutamani? Katika matamanio yake anajiachia uhuru kamili. Na siku iliyofuata, Alyosha anapomuuliza juu ya Dmitri na baba, Ivan anauliza kwa hasira kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Kisha anajishtukia mwenyewe na kutaja jina la aliyewahi kutoa jibu hilo: Kaini.

Langoni

Mtu wa nne katika nyumba hii ni mpishi, Smerdyakov. Mjini wanaamini ni mtoto wa mzee, aliyezaliwa na Lizaveta, mwanamke maskini asiyeweza kusema ambaye alilala nje na kutembea pekupeku. Lizaveta aliruka uzio wa Fyodor Pavlovich usiku, akajifungulia katika kibanda cha kuogea bustanini, akafa alfajiri.

Jioni moja Smerdyakov anakaa kwenye benchi langoni akimngoja Ivan. Mazungumzo yao ndiyo kiini cha kisa. Smerdyakov anamweleza, kwa adabu zote za mtumishi, mambo yafuatayo. Kwamba kesho huenda akashikwa na kifafa cha muda mrefu. Kwamba Grigory anaumwa mgongo na mkewe atampa dawa yao ya pombe, watalala wote wawili fofofo. Kwamba Dmitri anazijua ishara za siri za kugonga zinazomfanya mzee afungue mlango. Kwamba bahasha ipo. Na kwamba yeye, Smerdyakov, kama angekuwa Ivan, angeondoka akaviacha vyote.

Ivan anakasirika, nusura ampige. Halafu anamwambia, bila kuulizwa, kwamba kesho asubuhi anakwenda Moscow.

Asubuhi baba anamsihi apitie kwanza Chermashnya, kijiji kilicho karibu zaidi, akamuuzie msitu wa miti. Ivan anakubali. Akiwa ameshapanda gari la farasi anamwambia Smerdyakov: unaona, nakwenda Chermashnya. Na Smerdyakov anajibu kwamba watu husema kweli, kuzungumza na mtu mwenye akili kunapendeza siku zote.

Sisi tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Smerdyakov anaitumia hekima ya namna hiyo kwa namna ya kutisha: mwenye akili haambiwi ua. Hakuna mapatano yaliyofanyika langoni pale. Ukiyaandika maneno yao yote na kuyapeleka kwa hakimu, hutapata amri wala ahadi. Kuna fumbo lililotupwa, na kuna mtu aliyeonyesha kwa miguu yake kwamba amelielewa. Njiani Ivan anabadili nia, haendi Chermashnya, anapanda treni ya Moscow. Anajiambia kwamba ya nyuma yameisha. Lakini usiku kucha ndani ya behewa moyo unamsumbua, na alfajiri treni inapoingia Moscow anajinong'oneza kwamba yeye ni mtu mwovu.

Usiku huohuo mzee anauawa. Dmitri alifika hadi dirishani akiwa na mchi wa shaba mkononi, akamchungulia baba yake, chuki ikampanda kooni, na hakupiga. Alikimbia, akampiga Grigory kichwani alipomshika mguu kwenye uzio, akaenda zake akiwa na damu mikononi. Grigory alipona, akaapa mahakamani kwamba aliuona mlango wa bustani ukiwa wazi kabla hajamwona Dmitri. Alikuwa amekosea, na kosa hilo la mzee mwaminifu ndilo lililomfunga Dmitri kuliko uongo wa mtu yeyote.

Ziara tatu

Ivan alirudi siku ya tano, baba ameshazikwa. Katika muda wa miezi miwili kabla ya kesi alimtembelea Smerdyakov mara tatu. Dostoevsky amezipanga ziara hizi kama mtu anayeshuka ghorofa za chini ya ardhi, kila moja na giza lake.

Ya kwanza ni hospitalini. Madaktari wanathibitisha kwamba kifafa kilikuwa cha kweli, Ivan anaondoka ametulia, na anashangaa kwa nini anafurahi zaidi kwamba mwenye hatia ni Dmitri na si Smerdyakov.

Ya pili inamtikisa. Smerdyakov anamwambia waziwazi kwamba Ivan alitaka baba afe, na anampigia hesabu: Grushenka akiolewa na mzee, watoto hawapati kitu, mzee akifa kabla, kila mmoja anapata kama rubli 40,000. Ivan anampiga bega. Anatoka moja kwa moja hadi kwa Katerina Ivanovna, mchumba wa zamani wa Dmitri, na kumwambia kwamba kama muuaji ni Smerdyakov, basi na yeye Ivan ni muuaji. Katerina anafungua kisanduku kilicho mezani na kumpa barua ambayo Dmitri aliiandika akiwa amelewa: nitamuua baba, Ivan akishaondoka tu. Ivan anaisoma na mzigo unamtoka. Kimaandishi, muuaji ni ndugu yake. Analala.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Karatasi ile ni kweli imeandikwa na Dmitri, na kila neno ndani yake ni ushahidi. Lakini Ivan hakuipokea kwa sababu ni ya kweli. Aliipokea kwa sababu ilimsafisha. Ndugu yake anakwenda Siberia, na anachohisi ni nafuu. Ukitaka kuiona hatia ikifanya kazi ndani ya mtu, iangalie katika nafuu ile kuliko katika machozi yoyote ya baadaye.

Ya tatu ni usiku wa kuamkia kesi. Smerdyakov ni mgonjwa, amekonda, mezani ana kitabu cha mahubiri ya Mtakatifu Isaka wa Siria. Anachoka kuzungukazunguka. Anaingiza mkono kwenye soksi yake ndefu nyeupe, anatoa fedha zile 3,000, na kumweleza Ivan kila kitu: kifafa cha kuigiza, chuma kizito cha kubania karatasi, mapigo matatu. Kisha anasema lile alilokuwa akilishikilia miezi miwili. Muuaji mkuu ni wewe. Mimi nilikuwa mtumishi wako tu, nilifanya kwa neno lako. Si ulinifundisha kwamba kama hakuna Mungu wa milele, basi hakuna wema, na kila kitu ni ruhusa?

Ni rahisi kuishia hapa na kusema: tazameni, mtu akimkana Mungu, mwisho wake ni mauaji. Wapo wanaoisoma hivyo na kufunga kitabu wameridhika. Mimi naona wanaikosea haki riwaya. Ivan hakuwa mkanaji mwepesi. Yale aliyomwambia Alyosha kilabuni juu ya watoto wanaoteswa, kwamba hawezi kuupokea ulimwengu uliojengwa juu ya chozi la mtoto mmoja na anairudisha tiketi yake, ni maneno ya mtu anayeumia. Dostoevsky aliyaandika mwaka mmoja hivi baada ya kumzika mwanawe mdogo, Alyosha, aliyefariki Mei 1878 kwa kifafa akiwa hajatimiza miaka mitatu. Hakuyapa sauti dhaifu ili ayashinde kirahisi. Na kumbuka ngazi. Ivan, ambaye akilini mwake kila kitu ni ruhusa, alihesabu dakika zile za kusikiliza kuwa uovu wake mkubwa. Nadharia yake haikumruhusu hata kusimama ngazini.

Kosa lake liko mahali padogo zaidi na karibu zaidi. Alijua, akaondoka. Angebaki siku mbili, mzee angekuwa hai, na Smerdyakov mwenyewe anasema hivyo.

Mtoto wa nje

Kiswahili kina jina kwa mtu kama Smerdyakov: mtoto wa nje. Na huyu amekuwa wa nje kwa kila maana. Amelelewa kwenye kibanda cha watumishi, anapika supu ya baba yake na kusimama nyuma ya kiti wakati ndugu zake wanakula. Grigory alimwambia utotoni kwamba yeye si mtu, ameota kutokana na unyevu wa kibanda cha kuogea. Akiwa na miaka 12, katika somo la Maandiko, aliuliza: Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, jua na mwezi na nyota siku ya nne, sasa siku ya kwanza nuru ilitoka wapi? Grigory alimjibu kwa kofi. Wiki moja baadaye kifafa kikamshika kwa mara ya kwanza.

Ivan ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzungumza naye kama mtu mwenye akili. Fikiria hilo lilikuwa na uzito gani kwake. Kijana ambaye swali lake juu ya Mungu lilijibiwa kwa kofi anampata bwana mdogo msomi anayeyajadili maswali yaleyale naye, halafu bwana huyo anachoka naye na kuanza kumchukia. Smerdyakov hakuua kwa ajili ya rubli 3,000 tu; fedha zenyewe anazirudisha bila kujutia. Nadhani aliua pia ili awe na neno la pamoja na Ivan. Na katika ziara ya tatu anagundua kwamba Ivan hakuwa jasiri kama maneno yake. Anamwambia kwamba kati ya watoto wote, yeye ndiye anayefanana zaidi na Fyodor Pavlovich, ana roho ileile.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni kwamba hakuna anayemwita ndugu. Hata Alyosha, mwenye moyo mweupe, anayelia kwa ajili ya kila mtu, anasema ndugu yangu Dmitri, ndugu yangu Ivan, na anaishia hapo. Mzee Zosima, baba yake wa kiroho, alifundisha kwamba kila mtu ana hatia mbele ya wote na kwa ajili ya wote. Fundisho hilo lina mtihani mmoja tu katika riwaya hii, nao umekaa jikoni unapika supu. Wana wote wanaufeli. Nami niliposoma mara ya kwanza niliufeli. Nilimchukia Smerdyakov kuanzia anapotajwa, nikasahau kuuliza alizaliwaje.

Alyosha ana deni jingine pia. Zosima alimwagiza awe karibu na ndugu zake wote wawili. Lakini siku ya mauaji Zosima alikuwa amefariki, maiti yake ikaanza kunuka mapema kuliko watu walivyotarajia kwa mtakatifu, na Alyosha akaporomoka kwa uchungu wa imani yake. Katika uchungu huo, Dmitri, aliyekuwa ameazimia kumtafuta, alimpita akilini mara moja na kutoweka. Ivan aliondoka kwa treni. Alyosha aliondoka kwa huzuni. Sisemi ni sawa. Lakini msimulizi ameviweka vyote viwili tuvione.

Si wewe

Kabla tu ya ziara ya tatu, barabarani usiku chini ya taa, Ivan anamuuliza Alyosha nani aliyemuua baba. Alyosha anajibu: si wewe. Ivan anadai kwamba hajasema ni yeye. Alyosha anasisitiza kwamba umejiambia hivyo mara nyingi ukiwa peke yako katika miezi hii miwili ya kutisha, umejishtaki, lakini unakosea, si wewe uliyeua, na Mungu amenituma nikwambie. Ivan anamjibu kwamba hawavumilii manabii wala wajumbe wa Mungu, na tangu dakika hiyo hataki kumjua tena.

Muda si mrefu baadaye Smerdyakov anamwambia: ni wewe. Ndugu wawili, kauli mbili zinazopingana, usiku mmoja. Nimejiuliza sana ipi ni ya kweli. Ya Smerdyakov ina ushahidi wote: lango, Chermashnya, hesabu ya urithi. Ya Alyosha haina hata mmoja. Lakini angalia kila moja inamfanya Ivan nini. Ile ya Smerdyakov inamfungia chumba kimoja na muuaji, wawili peke yao na siri yao. Ile ya Alyosha inamwachia mlango. Haimwambii kwamba hana deni. Yeye mwenyewe amefundishwa kwamba kila mtu analo. Inamwambia kwamba deni lake si la kubeba peke yake kana kwamba yeye ndiye chanzo cha uovu wote. Hatia anayoizungumzia Zosima ni ya pamoja, na ndiyo maana inabebeka. Ivan anaitaka ya kwake binafsi, kwa kiburi kilekile alichokuwa nacho katika kukana.

Na kuna mlevi wa barabarani. Akienda kwa Smerdyakov, Ivan alimsukuma mkulima mmoja mlevi aliyekuwa akiimba juu ya Vanka aliyekwenda Petersburg. Mkulima akaanguka kwenye theluji akazimia. Atakufa kwa baridi, Ivan akawaza, akaendelea na safari. Alijua, akaondoka, kwa mara ya pili, katika umbo dogo kabisa. Lakini akirudi, fedha za baba zikiwa mfukoni na azimio la kusema kila kitu kesho likiwa moyoni, alimkwaa mtu yuleyule. Akambeba, akatafuta nyumba, akalipa rubli tatu atunzwe, akapoteza karibu saa nzima. Alijisikia mwenye furaha.

Furaha hiyo ilimponza. Alipofika mlangoni kwake alijiuliza kama asiende sasa hivi kwa mwendesha mashtaka. Akaamua: kesho, vyote pamoja. Usiku huo akazungumza chumbani na shetani aliyemwona katika maruweruwe ya ugonjwa wake hadi Alyosha alipogonga dirisha kumwambia kwamba Smerdyakov amejinyonga, na ameacha kikaratasi kinachosema anajiua kwa hiari yake ili asilaumiwe mtu. Katika kikaratasi hicho hakumtetea Dmitri kwa neno hata moja. Angekwenda usiku uleule, shahidi pekee angekuwa hai.

Mahakamani Ivan alitoa noti mezani na kusema kwamba Smerdyakov aliua na yeye ndiye aliyemchochea, kisha akauliza ni nani asiyetamani kifo cha baba yake. Walipomtaka ushahidi, hakuwa nao. Akatolewa nje akipiga mayowe, na Katerina, ili amwokoe Ivan, akaitoa ile barua ya Dmitri. Jopo la wananchi 12, sita kati yao wakulima na watu wa kawaida wa mjini, likamtia Dmitri hatiani bila huruma kwa kosa ambalo hakulitenda. Dostoevsky alilijua jambo la namna hiyo kwa macho yake: katika gereza la Omsk alifungwa pamoja na mtu aliyehukumiwa kwa kumuua baba yake, na ikaja kujulikana, baada ya miaka 10 ya kifungo, kwamba hakuua.

Dmitri mwenyewe alikuwa ameshasema, usiku wa kukamatwa, kwamba anaipokea adhabu, si kwa kuwa aliua, bali kwa kuwa alitaka kuua na pengine kweli angeua. Sentensi hiyo ndiyo Ivan aliyoitafuta miezi miwili bila kuipata. Kaka yake, mlevi asiyejua falsafa, aliipata kwa usiku mmoja.

Riwaya inaisha Ivan akiwa amelala nyumbani kwa Katerina, hana fahamu, na hatuambiwi kama atapona. Dmitri yuko katika wodi ya wafungwa, akingoja kupelekwa Siberia. Alyosha anakwenda kumwona, wanazungumzia mpango wa kutoroka ambao Ivan aliulipia kabla hajaugua. Katikati ya mazungumzo Dmitri ananyamaza kidogo, halafu anamwambia mdogo wake kwamba Ivan atawapita wote, kwamba anayestahili kuishi ni yeye, si wao, na kwamba atapona.